Foleni Imehamia Wapi?

Usiku wa Ijumaa moja katika majira ya kuchipua ya 1962, mwanafunzi wa uzamivu wa chuo cha MIT, Allan Scherr, alitoboa kadi moja, akaichomeka kati ya kadi nyingine zilizokuwa zikisubiri zamu, akaenda zake. Kadi ile iliiagiza kompyuta ichape faili moja tu, nayo ni ile iliyohifadhi nywila za watumiaji wote. Jumamosi asubuhi na mapema alipita kwenye kabati la karatasi zilizochapwa, akachukua zake kama mtu yeyote anayefuata kazi yake. Siri za wenzake hazikumshughulisha. Alichokuwa akikitafuta ni muda. Alikuwa amegawiwa saa nne za kompyuta kwa wiki, na programu zake za kuigiza utendaji wa mfumo wa kompyuta zilikuwa zikimeza muda huo wote na bado hazijashiba.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama mwanzo wa wizi wa nywila. Mimi nakipenda kwa sababu nyingine. Mtu huyu aliyeiba muda wa kompyuta ndiye aliyekuja kuonyesha, miaka mitatu baadaye, kwamba muda ambao watu hukaa wakisubiri jibu la kompyuta unaweza kukokotolewa kwa hesabu chache, na kwamba mtu anaweza kujua mashine mpya itakuwaje kabla hajatoa hata senti ya kuinunua.

Mfumo wenyewe uliitwa CTSS. Fernando Corbató na wenzake waliuonyesha kwa mara ya kwanza Novemba 1961. Kabla yake, mtu alikabidhi kadi zake dirishani na kurudi baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake, akaambiwa programu imekwama kwa sababu ya mkato mmoja uliokosewa. CTSS iliwaruhusu watu wengi kukaa kila mmoja kwenye mashine yake ya kuandikia, wote wakitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akipewa kipande cha muda. Hapo likazaliwa swali ambalo zamani halikuwa na maana: akiongezeka mtu mmoja, wengine watasubiri kwa muda gani zaidi?

Bei ndiyo iliyolifanya swali liwe zito. IBM 7094, mashine iliyoendesha CTSS katika miaka yake ya shughuli nyingi, iliuzwa kwa takribani dola milioni 3. Watumiaji wakilalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito, mkuu wa kituo cha kompyuta alikuwa na mambo matatu ya kufikiria: kununua prosesa yenye kasi zaidi, kuongeza kumbukumbu, au kuongeza diski. Muuzaji alikuwa tayari kumwambia kwamba mashine mpya ina kasi mara mbili ya ile ya zamani, na kwa kweli mara nyingi hakuwa akidanganya. Ila kasi ya mashine ni jambo moja, na kasi ya kazi ni jambo jingine. Mtu angeweza kununua mashine ya kasi maradufu, akaiwasha, na majibu yakaja kwa muda uleule wa jana.

Ili kuelewa ni kwa nini, inabidi turudi nyuma hadi Copenhagen, wakati ambapo hakukuwa na kompyuta hata moja duniani.

Mwaka 1908 kampuni ya simu ya mji huo ilimwajiri Agner Krarup Erlang, mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka 30. Alikuwa amefahamiana na mhandisi mkuu wa kampuni, Johan Jensen, kupitia chama cha wanahisabati wa Denmark, na Jensen mwenyewe alikuwa mwanahisabati wa kutajika. Kampuni ilitaka kujua iweke laini ngapi kati ya mtaa na mtaa. Laini zikiwa chache, wateja wanapiga simu hazipiti. Zikiwa nyingi, shaba ya kampuni inalala ardhini bila kazi. Erlang hakuwa mtu wa kujifungia na karatasi zake. Watu wa Copenhagen walizoea kumwona barabarani, nyuma yake mfanyakazi amebeba ngazi, wakienda kushuka kwenye mashimo ya nyaya kupima umeme unaovuja.

Mwaka 1909 alichapisha makala iliyoonyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wasiojuana, kila mtu kwa haja yake, zina utaratibu wake. Huwezi kujua nani atapiga dakika ijayo, lakini unaweza kujua, kwa uhakika wa kushangaza, mara ngapi zitapigwa simu tano kwa mpigo na mara ngapi zitapigwa kumi. Mwaka 1917 akatoa fomula zilizojibu lile swali la laini: zikiwa kadhaa, na simu zikija kwa wingi fulani, ni sehemu gani ya wapigaji watakaokosa nafasi, na wanaosubiri watasubiri kwa muda gani. Idara ya Posta ya Uingereza, iliyoendesha simu za nchi hiyo, ilizichukua fomula hizo kuwa msingi wa mahesabu yake. Erlang alifariki 1929 akiwa na miaka 51. Mwaka 1946 kipimo cha msongamano wa simu kilipewa jina lake, na kampuni za simu za mkononi zinakitumia hadi leo.

Jambo ambalo fomula za foleni zilimfundisha kila aliyezisoma ni kwamba kusubiri hakupandi kwa hatua sawa. Chukua mashine moja inayohudumia kazi zinazokuja bila mpangilio, kila kazi ikihitaji kwa wastani sekunde 0.1 ya huduma. Mashine ikiwa na shughuli nusu ya muda wake, kazi inamalizika kwa wastani wa sekunde 0.2, kusubiri kukiwemo. Shughuli zikifika asilimia 80, inakuwa sekunde 0.5. Asilimia 90, sekunde nzima. Asilimia 95, sekunde 2. Kati ya 90 na 95 kazi zimeongezeka kidogo tu, hata msimamizi anaweza asitambue, lakini watumiaji wanaosubiri jibu wanasubiri mara mbili. Ndiyo maana mifumo ya kompyuta huonekana mizima mwezi mzima, kisha ikazidiwa ndani ya wiki moja, na kila mtu akaapa kwamba hakuna kilichobadilika.

Scherr alirithi elimu hii kwa njia ya mzunguko kidogo. Mwaka 1947 Msweden Conny Palm, naye mtu wa simu, aliandika kuhusu mfanyakazi wa kiwandani anayesimamia mashine kadhaa zinazojiendesha. Mashine ikisimama, mfanyakazi huenda kuitengeneza. Zikisimama mbili, ya pili inasubiri. Palm alikokotoa mfanyakazi mmoja apewe mashine ngapi. Scherr aliitazama CTSS akaona kiwanda kilekile kimegeuzwa juu chini. Watumiaji ndio mashine, na kompyuta ndiyo fundi. Mtumiaji anafikiri, anaandika amri, kisha anasimama kusubiri jibu. Akilipata, anarudi kufikiri. Wakisimama wengi kwa pamoja, kompyuta inawashughulikia kwa zamu.

Kulikuwa na bahati ndani ya umbo la CTSS lenyewe. Kumbukumbu ilikuwa na nafasi ya programu ya mtumiaji mmoja tu kwa wakati mmoja. Programu ya mwingine ikitakiwa, ile ya kwanza hutolewa na kuhifadhiwa kwenye diski au ngoma ya sumaku, na prosesa inakaa bure wakati wa kuhamisha. Kwa hiyo prosesa, diski na ngoma havikuwa vikifanya kazi kila kimoja kivyake. Vilikuwa kama fundi mmoja. Modeli ya Palm, yenye fundi mmoja na wateja wasiozidi idadi fulani, ilikaa juu ya mfumo ule kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo.

Tasnifu ya Scherr ilitoka 1965. Alikuwa amepima mfumo halisi, ameandika programu ya kuuiga kwa undani, kisha akaweka kando yake modeli yenye namba tatu tu: idadi ya watumiaji, wastani wa muda wa kufikiri, na wastani wa muda ambao kila amri inaihitaji kompyuta. Modeli hiyo ndogo ilitabiri muda wa kusubiri karibu sawa na ile programu kubwa, na yote mawili yalikaribiana na vipimo. Tena modeli ilikuwa imejengwa juu ya dhana ambayo vipimo vyake mwenyewe vilionyesha si sahihi. Ilidhani kwamba muda wa kufikiri na muda wa huduma unafuata mgawanyo fulani laini wa kihisabati. Watu halisi hawafikiri kwa mgawanyo huo. Lakini jibu lilitoka.

Hilo liliwakera wanahisabati na kuwafurahisha wahandisi, na mvutano huo ungeendelea kwa miaka 15.

Kando ya kazi ya Scherr, vipande vingine vya elimu hii vilikuwa vikitengenezwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na haja na kompyuta. James Jackson wa chuo kikuu cha UCLA alikuwa akishughulikia karakana, ambamo kipande cha chuma hutoka kwenye mashine ya kukata kwenda kwenye ya kutoboa, kisha pengine kikarudi. Kila mashine ina foleni yake, na foleni zote zinalishana. Ungetarajia hesabu isiyofunguka. Mwaka 1957, na kwa upana zaidi 1963, Jackson alithibitisha kwamba chini ya masharti fulani kila kituo katika mtandao kama huo kinaweza kuhesabiwa peke yake, kana kwamba vingine havipo, kisha majibu yakazidishwa pamoja. Hadi leo wanafunzi wanaokutana na matokeo hayo huyatazama mara mbili.

Leonard Kleinrock alitumia kazi ya Jackson katika tasnifu yake ya MIT ya 1962 kuhusu ujumbe unaopita katika mtandao wa mawasiliano. Ilimbidi adhani kwamba ujumbe hubadilika urefu kila unapofika kituo kipya, jambo ambalo kila mtu anajua si kweli, maana barua haiongezeki kurasa ikiwa njiani. Uigaji ulionyesha kwamba dhana hiyo haiharibu jibu. Baadaye akahamia UCLA, na Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza wa mtandao wa kompyuta wa ARPANET ulitumwa kutoka maabara yake.

Naye John Little, mwaka 1961, alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo watu walikuwa wakiitumia bila kuuliza. Wastani wa waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa kila kipimo cha muda, mara muda anaokaa kila mmoja. Wakiingia watu 40 kwa saa na kila mmoja akakaa nusu saa, ndani mna watu 20. Kanuni hiyo haiulizi foleni imepangwaje, nani anatangulizwa, wala muda wa huduma una mgawanyo gani. Little alikuwa akifundisha chuoni Cleveland, na aliifanya kazi hiyo baada ya mwanafunzi kumuuliza ingekuwa vigumu kiasi gani kuithibitisha kwa ujumla. Baada ya hapo aliachana na foleni akaenda kufanya utafiti wa masoko, lakini kila anayepanga uwezo wa kompyuta leo anamtaja jina.

Bado palikuwa na pengo. Modeli ya Scherr ilifaa kompyuta yenye programu moja kwenye kumbukumbu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 kumbukumbu zilikuwa zimekua, na mashine ziliweka programu nyingi ndani kwa pamoja: moja ikisubiri diski, nyingine inatumia prosesa. Fundi mmoja wa Scherr alikuwa amegawanyika kuwa mafundi wengi, kila mmoja na foleni yake. Mwaka 1967 William Gordon na Gordon Newell walitoa fomula ya mitandao ya foleni yenye idadi maalumu ya kazi zinazozunguka ndani bila kutoka. Ndiyo hasa picha ya kompyuta yenye programu, tuseme, 20 kwenye kumbukumbu. Ila ndani ya fomula hiyo mlikuwa na namba moja ambayo ili kuipata ilibidi ujumlishe hali zote ambazo mfumo unaweza kuwa nazo: programu zote 20 kwenye prosesa, 19 kwenye prosesa na 1 kwenye diski ya kwanza, na kuendelea. Kwa programu 20 na vifaa 6, hali hizo ni 53,130. Ongeza kidogo na kompyuta inayotabiri inakuwa nzito kuliko ile inayotabiriwa.

Aliyeziba pengo hilo ni Jeffrey Buzen, katika tasnifu yake ya Harvard ya 1971. Aliichora kompyuta kama prosesa iliyo katikati, huku diski na ngoma zikiizunguka. Kila programu hutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kifaa kimoja, kisha hurudi. Na ile namba ya Gordon na Newell, badala ya kujumlisha maelfu ya hali, aliipata kwa jedwali ambalo mtoto wa shule ya msingi angeweza kulijaza. Makala yake ilichapishwa Septemba 1973.

Tulijaze hapa, maana ni vigumu kuamini bila kuona. Tuna prosesa na diski moja. Kila kazi inaihitaji prosesa sekunde 1 na diski sekunde 2. Kumbukumbu ina nafasi ya programu 3. Chora jedwali lenye safu wima mbili, ya prosesa na ya diski, na mistari minne kuanzia programu 0 hadi 3. Mstari wa kwanza ni 1 kote. Safu ya prosesa kila mraba unazidishwa kwa 1 kushuka chini, kwa hiyo yote ni 1. Safu ya diski, kila mraba ni ule wa kushoto kwake kujumlisha na ule wa juu yake mara 2. Tunapata 1, kisha 1 na 2 ni 3, kisha 1 na 6 ni 7, kisha 1 na 14 ni 15. Sasa gawanya mraba wa pili kutoka mwisho kwa wa mwisho: 7 kwa 15. Mfumo unamaliza kazi 0.467 kwa sekunde. Basi, hesabu imekwisha.

Mkuu wa kituo anataka kununua prosesa ya kasi maradufu. Tunaweka sekunde 0.5 badala ya 1. Safu ya prosesa inakuwa 1, 0.5, 0.25, 0.125. Safu ya diski inakuwa 1, 2.5, 5.25, 10.625. Gawanya: 0.494. Pesa zote hizo zimeleta nyongeza ya asilimia 6 hivi, kwa sababu programu zilizoharakishwa zinakwenda kukaa foleni ya diski mapema zaidi. Mwambie arudishe prosesa ya zamani anunue diski ya kasi maradufu. Safu zinakuwa 1, 1, 1, 1 na 1, 2, 3, 4. Jibu ni 3 kwa 4, yaani 0.75. Ongezeko ni zaidi ya asilimia 60. Hesabu hizi mbili zinaandikika kwenye kona ya karatasi ya ankara.

Katika miaka hiyohiyo ushahidi kutoka kwenye mifumo halisi ulianza kujitokeza. Mwaka 1971 tasnifu ya Charles Moore katika Chuo Kikuu cha Michigan ilitumia mtandao wa foleni kutabiri muda wa kusubiri katika mfumo mkubwa wa chuo hicho, ikakosea kwa kiasi kisichozidi asilimia 10. Mwaka 1975 Forest Baskett, Mani Chandy, Richard Muntz na Fernando Palacios walipanua nadharia ili iruhusu kazi za aina mbalimbali katika mfumo mmoja na njia zaidi za kupanga foleni. Makala yao inatajwa kwa herufi za kwanza za majina yao, BCMP, na ndiyo iliyowapa watengenezaji wa programu uhuru wa kuweka malipo ya benki na ripoti za usiku ndani ya modeli moja.

Buzen naye hakubaki chuoni. Alikuwa mwalimu mzuri: Bob Metcalfe, mmoja wa waliobuni Ethernet, aliandika tasnifu yake chini ya usimamizi wake. Lakini mwaka 1975, pamoja na Robert Goldberg na Harold Schwartz, alianzisha kampuni ya BGS Systems huko Massachusetts, jina likiwa herufi za kwanza za majina yao. Bidhaa yao, BEST/1, ilichukua takwimu ambazo kompyuta kubwa za IBM zilikuwa tayari zikijiandikia zenyewe, ikajenga modeli, kisha ikamwachia mkuu wa kituo aulize: nikiongeza diski mbili? Wateja wakizidi kwa theluthi? Nikihamia mashine kubwa zaidi?

Na hapo akakutana na swali ambalo chuoni halikumsumbua. Mkuu wa kituo si mwanahisabati. Akiambiwa kwamba modeli inadhani mfumo umetulia na muda wa huduma una mgawanyo wa aina fulani, anauliza kwa haki kabisa: utajuaje kama mfumo wangu uko hivyo? Jibu la kweli ni kwamba huwezi kujua. Buzen, na baadaye yeye pamoja na Peter Denning katika makala ndefu ya 1978, walilibadili swali lenyewe. Walianza na vitu vinavyohesabika kwa saa na daftari: kazi zilizokamilika, sekunde ambazo kifaa kilikuwa na shughuli, urefu wa kipindi cha kupima. Sheria kadhaa zikafuata ambazo ni kweli kwa kila mfumo na kila kipindi. Sheria ya Little ni mmoja wa jamaa hao. Dhana zilizobaki ziliandikwa kwa namna ambayo mtu angeweza kuzikagua kwenye takwimu zake. Wanahisabati wa uwezekano hawakufurahi, na mabishano yalikuwa makali. Kwa maoni yangu Buzen na Denning walikuwa na haki, angalau kwa sababu waliandika kwa ajili ya mtu anayetia saini hundi.

Kwa sheria hizo unaweza kuupata mpaka wa mfumo bila hata jedwali. Watumiaji 60 wanafikiri kwa wastani wa sekunde 10 kabla ya kila amri. Kila amri inaichukua diski ya kwanza sekunde 0.5, diski ya pili 0.3 na prosesa 0.2. Panapobana ni diski ya kwanza, ambayo haiwezi kumaliza zaidi ya kazi 2 kwa sekunde. Watumiaji 60 kwa kazi 2 kwa sekunde ni sekunde 30 kwa kila mzunguko. Toa 10 za kufikiri, unabaki na kusubiri kusikopungua sekunde 20. Prosesa ya bei yoyote haiwezi kushusha 20 hiyo. Lakini ukihamisha baadhi ya faili kutoka diski ya kwanza kwenda ya pili, kila moja ikabeba 0.4, mpaka unashuka hadi sekunde 14, na hujanunua kitu. Ukiacha faili zilivyokuwa na kununua diski ya kwanza ya kasi maradufu, sasa inachukua 0.25, na panapobana pamehamia diski ya pili. Mpaka mpya ni sekunde 8, na kila shilingi utakayoongeza kwenye diski ya kwanza kuanzia hapo imepotea.

Mwaka 1980 Martin Reiser na Stephen Lavenberg wa IBM walitoa njia nyingine ya kufikia majibu ya Buzen, na kwa kuwa ni rahisi kueleza, ndiyo iliyoenea zaidi madarasani. Inasimama juu ya wazo moja: kazi inayofika kwenye kifaa inaikuta foleni jinsi ambavyo ingekuwa kwa wastani katika mfumo uleule bila kazi hiyo kuwemo. Ukijua mfumo wenye programu 1 ulivyo, unapata wenye 2. Kutoka 2 unapata 3. Miaka minne baadaye Edward Lazowska, John Zahorjan, Scott Graham na Kenneth Sevcik, wawili wa Seattle na wawili wa Toronto, walikusanya elimu hii yote katika kitabu cha watu wa kazi, wakasema wazi makosa ya kutegemea: asilimia 5 hadi 10 kwa kiasi cha kazi na shughuli za vifaa, asilimia 10 hadi 30 kwa muda wa kusubiri. Mtu anayepanga ununuzi wa mwaka ujao, huku makadirio ya wateja wenyewe yakikosea zaidi ya hapo, hana la kulalamika.

Kulikuwa na tahadhari moja iliyotolewa mapema, na watu wachache waliizingatia ipasavyo. Aprili 1967, katika mkutano wa Atlantic City, Gene Amdahl, mbunifu mkuu wa kompyuta za IBM System/360, alitetea prosesa moja yenye nguvu dhidi ya waliotaka kuunganisha nyingi. Hoja yake ni kwamba katika kila kazi kuna sehemu isiyogawanyika. Ikiwa sehemu hiyo ni asilimia 10, prosesa 10 zitaongeza kasi mara 5 na kidogo, na prosesa milioni moja hazitafika mara 10. Fomula inayobeba jina lake haimo ndani ya makala yake; wengine ndio walioiandika baadaye kutokana na maneno yake. Katika miaka ya 1990 Neil Gunther aliongeza gharama ya prosesa kupashana habari ili zote ziwe na data ileile, na mchoro ukabadilika sura. Kasi inapanda, inafika kilele, kisha inashuka. Kuna idadi ya mashine ambayo ukiipita, kila unayoongeza inakurudisha nyuma.

BGS Systems ilinunuliwa na BMC Software mwaka 1998. Wengi hawanunui tena kompyuta za dola milioni 3, na mashine nyingine sasa hukodishwa kwa saa, kwa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo wengi wameacha kupiga hesabu: mfumo ukiwa mzito, unaongeza seva, na mara nyingi inatosha. Pasipotosha, sababu huwa ni ileile ya diski ya Buzen, ila imehama. Pengine ni jedwali moja la hifadhidata ambalo kila malipo lazima yaliandikie, na linaloruhusu mwandishi mmoja kwa wakati mmoja. Seva mpya 10 zikiwashwa, zote 10 zinakwenda kujipanga mbele ya jedwali hilo.